Tezi ya shingo na mimba changa: usingoje siku ya kliniki

Kwetu mimba changa haitangazwi. Mwanamke akiona mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo humwambia mumewe, pengine na dada yake mmoja, kisha hunyamaza mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Kliniki huanza mwezi wa nne, wengine wa tano. Wengi hupita salama. Kwa mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi, lakini, miezi hiyo ya kunyamaza ndiyo yenye kazi yote: hatari ya mimba kutoka imo humo, na nafasi ya kuizuia imo humohumo.

Tuelewane kwanza kuhusu jina, maana ukisema "tezi" mtaani watu husikia tezi dume. Hii ni nyingine. Imekaa mbele ya shingo, chini ya zoloto, umbo lake kama kipepeo. Ikivimba huitwa goita, na wazee walisema rovu. Hutumia madini joto yaliyomo kwenye chakula kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, ambazo huuambia kila kiungo kifanye kazi kwa kasi gani. Anayeisimamia ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hutuma amri iitwayo TSH. Thairoidi ikilegea, amri huzidi, TSH inapanda. Ikichacharika kupita kiasi, amri hupungua, TSH inashuka. Ndiyo maana karatasi ya maabara husomwa kinyume: TSH ya juu ni tezi iliyochoka. Wengi huona neno "juu" wakadhani homoni zimezidi, na makosa huanzia hapo.

Sasa, kwa nini majuma ya mwanzo? Kijusi hakina thairoidi inayofanya kazi mpaka karibu wiki ya 12, na hata hapo huendelea kumtegemea mama hadi wiki ya 18 au 20. Kondo la nyuma nalo huhitaji homoni hizo ili lijijenge na kujishika vizuri. Wakati huohuo mwili wa mama unazitumia kwa fujo: protini zinazobeba T4 kwenye damu zinaongezeka na kuishikilia, damu yenyewe inaongezeka, na kondo linavunjavunja sehemu ya homoni. Mahitaji hupanda kwa asilimia 25 hadi 50, na kupanda huko huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, yaani siku zilezile unapojiuliza mbona hedhi haijaja.

Tezi nzima haishtuki, inaongeza tu kasi. Tezi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili, au iliyokatwa, au iliyochomwa kwa madini joto ya mionzi, haina pa kuongezea. Mwenye tezi hiyo anategemea kidonge, na kidonge hakijui kwamba kuna mimba.

Uingereza walichunguza jambo hili kwa wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa wakimeza levothairoksini, yaani kidonge hicho chenye T4, kabla ya kushika mimba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kati ya waliopimwa katika miezi mitatu ya kwanza, karibu 63 katika kila 100 walikuwa na TSH iliyopita 2.5 (kwa kizio cha mIU/L, kama namba zote za TSH humu). Waliokuwa kati ya 4.5 na 10, uwezekano wa mimba kutoka ulikaribia mara mbili ukiwalinganisha na wenye TSH nzuri. Waliopita 10, ulikaribia mara nne. Na hawa si watu waliokosa dawa. Dawa walikuwa nayo mkononi, ila kiasi ndicho kilichobaki kile cha zamani.

Vidonge 9 badala ya 7

Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2017 una hatua moja rahisi kuliko zote, na inashangaza jinsi wachache wanavyoambiwa. Mwanamke anayemeza levothairoksini kila siku, kipimo kikionyesha mimba, aongeze vidonge viwili kwa wiki mara moja, ndipo amtafute daktari. Vilikuwa 7, viwe 9. Mfano: Jumatano viwili, Jumapili viwili, siku nyingine kimoja kimoja kama kawaida. Kwa anayetumia vya mikrogramu 100, zile 700 za wiki zinakuwa 900, ongezeko la asilimia 29 hivi. Halafu TSH ipimwe, kwa sababu hilo ni ongezeko la kuanzia tu. Aliyeondolewa tezi yote mara nyingi huhitaji zaidi. Ambaye tezi yake bado inajikongoja huenda akahitaji pungufu.

Njia nzuri ni kuyapanga haya kabla hata mimba haijaingia. Mwambie daktari unataka mtoto, akuandikie kwenye kadi, "mimba ikithibitika, vidonge 9 kwa wiki," ili usiku ule wa mistari miwili usianze kutafuta ruhusa. Wawili wasijiongezee bila kuuliza: mwenye ugonjwa wa moyo, na ambaye kipimo cha mwisho kilionyesha TSH iko chini, maana huyo tayari dawa imemzidi.

Na kama unapanga, TSH iwe chini ya 2.5 ndipo uache njia ya uzazi wa mpango. Dawa ikibadilishwa subiri wiki nne hadi sita ndipo upime tena. T4 hukaa muda mrefu mwilini: nusu yake huisha baada ya siku saba hivi, kwa hiyo kipimo cha wiki moja tu baada ya kubadilisha dawa ni hela iliyotupwa. Uzuri wa tabia hiyo ni kwamba ukisahau kidonge cha leo, kesho meza viwili, na mwili hautagundua.

Kinachokula dawa yako

Kuna mwanamke anayemeza dozi yake bila kukosa na TSH yake bado inapanda. Kabla ya kumwongezea, muulize anameza na nini.

Mshtakiwa wa kwanza ni vidonge vya kuongeza damu. Siku ya kwanza ya kliniki unakabidhiwa madini chuma na foliki asidi, na kwa kuwa "dawa zote za asubuhi" huwekwa pamoja, vinaingia kinywani na levothairoksini kwa maji yaleyale. Tumboni madini chuma huishika thairoksini, vikatoka pamoja chooni. Kalsiamu hufanya hivyohivyo, na wajawazito wengi hupewa kalsiamu kuzuia kifafa cha mimba. Dawa za kiungulia zenye alumini au kalsiamu nazo vilevile. Usiache hata kimoja kati ya hivyo, vyote vina kazi. Viachanishe tu kwa saa nne.

Halafu uji wa lishe. Ule wenye soya, ambao kila shangazi anausifia, hupunguza dawa inayoingia kwenye damu ukinywewa nayo pamoja. Kahawa pia. Udongo wa kutafuna, ule ambao Kenya wengine huuita odowa, una tabia ya kunatisha vitu tumboni na hauchagui dawa wala madini chuma. Kwa mjamzito ni wa kuacha kabisa, iwe ana tezi mbovu au nzima.

Ratiba inayofanya kazi ni hii: saa 11 alfajiri kidonge cha thairoidi na maji matupu, chai saa 12, vidonge vya damu saa 7 mchana baada ya chakula. Kama kichefuchefu cha asubuhi hakikuachii, hamishia usiku saa 4, ukiwa umekula saa 1. Mwezi wa Ramadhani, mjamzito ana ruhusa ya kula akihofia afya yake au ya mtoto. Aliyeamua kufunga ameze wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula, na asiongezee tende na maziwa juu yake.

Joto nalo. Kidonge hiki huharibika kwa joto, mwanga na unyevunyevu. Usikitoe kwenye pakiti yake ukakimimina ndani ya kikopo, usikiache dirishani, wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Dozi iliyokuwa inatosha ikianza kutotosha bila sababu, pakiti iliyopikwa na jua ni moja ya mambo ya kuangalia.

Kupima

Ukishakuwa mjamzito, TSH ipimwe kila wiki nne mpaka karibu wiki ya 20, halafu mara moja tena kwenye wiki ya 30. Damu itolewe kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo. Maabara iwe ileile ikiwezekana, kwa kuwa mashine hutofautiana. Lengo kwa anayetumia dawa ni chini ya 2.5. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuwa na tatizo, maabara isipokuwa na viwango vyake vya wajawazito, mpaka wa juu unaotumika ni 4.0. Miaka ya nyuma ilikuwa 2.5 kwa kila mjamzito, na wanawake wengi wazima wakapewa ugonjwa wasiokuwa nao. Karatasi za zamani bado zinazunguka mitandaoni. Siku hizi, anayepita 10 hupewa dawa bila mjadala. Aliye kati ya 4 na 10 hutibiwa akiwa na kingamwili za TPO, yaani silaha za kinga ya mwili zinazoilenga thairoidi yenyewe, na asipokuwa nazo daktari hupima na kuamua. Marekani waliwatazama wajawazito 5,405 wenye TSH iliyopanda kidogo, kati ya 2.5 na 10, na mwaka 2017 ikaonekana kwamba waliopewa levothairoksini walipoteza mimba kwa uchache zaidi, lakini faida ilikuwa kwa walioanzia juu ya 4. Chini ya hapo haikuonekana, huku kuzaa njiti na kisukari cha ujauzito vikijitokeza zaidi kwa waliomeza dawa.

Kitu kimoja kinachowapiga chenga hata madaktari: biotini. Ugonjwa wa thairoidi hukatisha nywele, mwanamke ananunua vidonge vya nywele na kucha, na vidonge hivyo vina biotini nyingi. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, hivyo ile iliyomo kwenye damu huzichanganya: TSH inasomeka chini, T4 inasomeka juu, na mtu ambaye tezi yake imelala anaonekana ana tezi inayokimbia. Daktari anapunguza dawa. Acha biotini siku mbili kabla ya kutoa damu, na useme kwamba ulikuwa unaitumia.

Dalili hazitakusaidia kuamua. Uchovu, choo kigumu, usingizi, kuongezeka uzito: hiyo ni thairoidi iliyolegea, na hiyohiyo ni mimba ya kawaida. Nani basi apimwe mapema? Mwenye goita au aliyewahi kutibiwa thairoidi, mwenye ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyewahi kupoteza mimba au kuzaa njiti, aliyehangaika kushika mimba, aliyepita miaka 30, anayetumia lithiamu (dawa ya akili) au amiodaroni (dawa ya moyo). Orodha ni ndefu kiasi kwamba wengi wetu tumo, na ni bomba moja tu la damu.

Kingamwili: mahali ambapo watu huuziwa matumaini

Mwaka 1990 watafiti wa New York waligundua kwamba wajawazito wenye kingamwili za thairoidi walipoteza mimba kwa asilimia 17, wasio nazo asilimia 8.4. Tafiti nyingine zilizofuata zikaelekea hukohuko. Jambo la kukanganya ni kwamba wengi wao TSH ilikuwa sawa kabisa. Ikaonekana ni akili kuwapa wote levothairoksini kidogo, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika.

Ikajaribiwa kwa haki. Uingereza, matokeo ya mwaka 2019: wanawake 952 wenye kingamwili za TPO na tezi inayofanya kazi vizuri, waliowahi kupoteza mimba au kuhangaika kuipata, nusu wakapewa mikrogramu 50 kila siku kuanzia kabla ya mimba na nusu kidonge kisicho na dawa. Waliojifungua mtoto hai baada ya wiki ya 34 walikuwa asilimia 37.4 kwa waliopewa dawa na 37.9 kwa wasiopewa. China walishapata jibu hilohilo mwaka 2017 kwa wanawake 600 waliokuwa wanapandikizwa mimba: mimba zilizotoka ni asilimia 10.3 dhidi ya 10.6. Uholanzi, Ubelgiji na Denmark wakawajaribu waliopoteza mimba mara mbili au zaidi. Mwaka 2022 jibu halikubadilika.

Kwa hiyo kingamwili peke yake, TSH ikiwa nzuri, si sababu ya kumeza dawa. Ni sababu ya kupimwa TSH kila wiki nne, kwa sababu tezi hiyo inaweza kushindwa njiani. Anayekuuzia kifurushi cha "kusafisha kingamwili" kabla ya kushika mimba anakula pesa yako.

Tezi inapokimbia

Homoni zikizidi, mimba pia hutoka. Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka visiwa vya Azores vya Ureno, kwenye ukoo mmoja mkubwa wenye kasoro ya kurithi: mwili hausikii vizuri wito wa homoni, hivyo huzitengeneza nyingi, na mwenyewe hadhuriki. Mama mwenye kasoro hiyo akibeba kijusi kisichoirithi, kijusi hicho kinaogelea kwenye homoni zilizozidi. Mama hao walipoteza karibu mimba 23 katika kila 100. Kasoro ikiwa kwa baba, zilikuwa 2 tu, na kwa ndugu wasio nayo kama 4. Mama hakuwa mgonjwa. Wingi wa homoni ndio uliodhuru.

Kwetu sababu kubwa ya tezi kukimbia kwa wanawake vijana ni ugonjwa wa Graves: moyo unadunda, mikono inatetemeka, uzito unashuka ilhali unakula, macho yanatokeza. Dawa inayopatikana kwa urahisi ni kabimazoli, na hapo ndipo penye mtego. Kati ya wiki ya 6 na ya 10 kabimazoli inaweza kuharibu uumbaji: ngozi ya utosi isifunike, njia ya pua izibe, umio usiungane, matumbo yatokeze kitovuni. Mbadala wa miezi mitatu ya kwanza ni propilthiourasili, PTU, ambayo kasoro zake ni chache na nyepesi zaidi lakini huweza kuumiza ini. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia kiasi kidogo na ametulia kwa muda mrefu, daktari anaweza kuisimamisha kabisa na kumpima kila baada ya wiki moja au mbili. Usiiache kimyakimya nyumbani. Graves isiyodhibitiwa huleta mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, na moyo wa mama kushindwa. Tiba ya mionzi haifanywi kwa mjamzito, na aliyeipata husubiri miezi sita kabla ya kushika mimba.

Hata aliyetibiwa zamani kwa upasuaji au mionzi amtajie mkunga. Kingamwili za Graves, ziitwazo TRAb, hubaki kwenye damu, huvuka kondo, na huweza kuisukuma tezi ya mtoto. Kipimo chake hufanywa mapema katika ujauzito, na kikiwa juu hurudiwa.

Lakini si kila TSH ya chini ni Graves. Homoni ya mimba, hCG, inafanana na TSH na huichokoza tezi, hasa wiki ya 8 hadi ya 11. Kwa anayetapika sana, au mwenye mapacha, TSH inaweza kushuka hadi karibu na sifuri. Shingo haijavimba, macho ni ya kawaida, TRAb hakuna: huyo anahitaji maji na dawa ya kutapika, na kabimazoli haimhusu. Hali hutulia yenyewe kufikia wiki ya 14 hadi 18. Apigwe tu altrasaundi, kwa sababu mimba zabibu, ambayo kondo hukua vibaya kama vishada vya zabibu, nayo huleta picha hiyohiyo.

Chumvi, muhogo, mwani

Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Mahali palipofundisha madaktari mengi juu ya upungufu wake ni kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, upande wa Kongo, ambako goita ilikuwa ya kila nyumba na watafiti wakaonyesha jinsi muhogo usiolowekwa vizuri ulivyozidisha tatizo: sumu yake hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua madini joto. Loweka, kausha, kisha pika. Tumia chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto, uihifadhi imefunikwa mbali na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Wapo wanaovuka upande wa pili na kununua vidonge vya mwani mtandaoni. Kiasi cha madini joto ndani yake hakijulikani, na yakipita mikrogramu 500 kwa siku hayana faida tena, huweza hata kuisimamisha tezi.

Pia tusiibebeshe thairoidi kila msiba. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema ni kwa kasoro za kromosomu, ambazo hakuna kidonge kingezuia. Aliyepoteza mbili au zaidi apimwe TSH, ndiyo, na pia sukari, kaswende, umbo la mfuko wa uzazi, na ule ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi unaogandisha damu, ambao una tiba ya aspirini na heparini. TSH ya 3 isimfanye mtu aache kutafuta hayo mengine.

Baada ya kujifungua, rudi kwenye dozi yako ya kabla ya mimba, vile 7 kwa wiki, na upime TSH wiki ya sita. Mimba ikitoka ni hivyohivyo. Levothairoksini haina shida kwa anayenyonyesha. Mwenye kingamwili aangaliwe mwaka mzima, kwa kuwa tezi inaweza kukimbia miezi michache kisha ikalala, hata baada ya mimba iliyotoka. Mama analia, hapati usingizi, hana nguvu ya kumbeba mtoto, na nyumbani wanasema ni mawazo. Mpimeni TSH.